Tunafungiwa njia masaa sita kila usiku na kazi haisogei: nyie mnapangaje?

MpangajiKireka

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mpangaji wa ratiba kwa mkandarasi mdogo kwenye kazi ya kuongeza njia ya treni ya abiria, mashariki mwa Kampala. Kampuni siitaji na kipande chenyewe sikitaji, maana wakubwa nao wanapita humu. Sehemu yetu ni majukwaa mawili, njia ya kupishania treni, mifereji, kalvati kadhaa za kupitisha maji chini ya njia, na kivuko kimoja cha barabara ambacho bodaboda wanakiona ni mali yao.

Njia ni moja, na treni za mizigo za kutoka Malaba, mpakani na Kenya, lazima zipite. Kwa hiyo njia inafungwa usiku tu, saa nne mpaka saa kumi alfajiri. Ratiba niliyoikuta ofisini imeyagawa masaa sita hayo yote kwa kazi: kung'oa, kuweka mataruma yanayobeba reli, kumwaga kokoto, kushindilia, hadi dakika ya mwisho. Ukienda saiti usiku mambo ni mengine. Unawakuta vijana wamekaa juu ya mataruma mapya wamejikunyata ndani ya makoti ya kung'aa, wanangoja treni ambayo hata Jinja haijatoka. Inapita saa tano na nusu. Kibali kinafika saa sita kasoro. Saa nane na nusu mhandisi wa reli ameshaanza kutazama saa yake na kuuliza mtairudisha njia lini.

Sasa meneja ameamua tuongeze gangi mbili za vibarua ili tufidie muda uliopotea, na mhandisi mshauri ameitikia. Mimi roho inakataa lakini sina hoja ya kuweka mezani.

Halafu kuna kalvati mbili zimekwama. Kwenye moja tumekuta bomba la maji ambalo halimo kwenye mchoro wowote. Kwenye nyingine kuna mama mwenye nyumba ya matofali anasema hajalipwa hata shilingi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yuko upande wake. Kwenye ratiba kalvati hizo zimehesabiwa kama zimeisha, kwa hiyo jukwaa la pili limepangwa kuanza mwezi ujao.

Nimesoma Kyambogo, treni zilikuwa zinapita chini ya madirisha yetu, lakini somo la kujenga juu ya reli inayotumika hatukupewa. Aliyewahi kusimamia kazi ya namna hii anieleze alivyoipanga. Na hizo gangi mbili, nizikatae au nizikubali?

---

MzeeTaruma

Mwanangu, kabla ya yote muulize huyo meneja: gangi mbili zaidi zitaingilia wapi?

Mimi nilianza kazi Tororo wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki likiwa bado moja, kabla halijavunjika mwaka 1977, na nikaendelea upande wa Uganda mpaka nilipostaafu nikiwa mkaguzi wa njia. Nimefunga njia kwenye mvua, kwenye vita na kwenye sikukuu. Njia moja haijali una watu wangapi. Kila kitu kinaingia kwa ncha moja: behewa la reli, behewa la kokoto, kreni ikiwepo. Kilichoingia kwanza ndicho kitakachotoka mwisho. Ukipanga mabehewa vibaya jioni uwanjani, hata ulete watu mia, watasimama na mitaimbo yao wakingoja behewa la kokoto ambalo liko nyuma ya behewa tupu. Gangi ya pili ina faida pale tu ina mahali pake pa kufanyia kazi, mbali na ya kwanza, na zana zake na msimamizi wake. Bila hivyo umeongeza watu wa kugongana gizani.

Sasa masaa yako sita. Hayo si sita, na hayajawahi kuwa sita. Toa muda wa kungoja treni ya mwisho itoke kabisa kwenye kipande. Toa muda wa wakuu wa stesheni wa pande zote mbili kukubaliana na kuandika. Toa muda wa kuweka walinzi, bendera na fataki za kumshtua dereva kwenye reli, kisha kuingiza zana. Hapo hata boliti moja hujaigusa. Upande wa mwisho kuna kurudisha njia, na hapa ndipo wapangaji wa ofisini wanapodanganya bila kujua. Geji, yaani umbali kati ya reli mbili, ipimwe. Usawa wa reli mbili upimwe. Boliti za fishpleti, vyuma vinavyounga reli na reli, zikazwe, kokoto zishindiliwe chini ya taruma, si pembeni. Zana zihesabiwe, watu wahesabiwe, fataki ziondolewe, mtu mmoja mwenye jina lake atie sahihi. Na treni ya kwanza ipite polepole huku mmesimama mnaitazama reli inavyozama chini ya gurudumu.

Yote hayo yanakula masaa mawili na nusu hata ukiwa na watu wazuri. Kwa hiyo una matatu na nusu. Ratiba yako ipange kwa matatu na nusu, kuanzia mwisho kurudi mwanzo: njia inarudi saa kumi, kwa hiyo kushindilia kuwe kumeisha saa ngapi, kwa hiyo kokoto ziwe zimemwagwa saa ngapi. Ukifika nyuma kabisa utapata saa ambayo, kama reli ya zamani haijakatwa bado, haikatwi tena usiku huo. Hiyo saa iandike kwenye ubao saiti kwa herufi kubwa. Msimamizi asiwe na ruhusa ya kuibishia, na meneja akipiga simu kutoka nyumbani naye asiwe nayo.

Hoja ya kuweka mezani hii hapa. Omba njia ifungwe mara chache lakini kwa muda mrefu. Ukifungiwa masaa thelathini kuanzia Jumamosi, maandalizi na kurudisha njia vitakula matatu hivi, unabaki na ishirini na saba. Kwa usiku wa masaa matatu na nusu utahitaji takriban siku nane kupata hayo hayo. Na ile kazi ya usiku wa nane si sawa na ya Jumapili mchana. Ya Jumapili unaiona. Hili si jambo geni hapa kwetu. Treni ya abiria ya Kampala ilisimamishwa mwaka 2023 njia ikarabatiwe, ikarudi Aprili 2024. Abiria walilalamika, ndiyo, lakini njia ilikarabatiwa.

Jingine, tenga ratiba iwe mbili. Moja ni ya kazi zinazohitaji njia ifungwe. Nyingine ni ya kazi zinazoweza kufanyika mchana nyuma ya uzio imara huku treni inapita na mlinzi wa treni amesimama na filimbi: ukuta wa jukwaa, mifereji ya mbali, ngazi, paa. Utashangaa nusu ya mambo mliyobanana nayo usiku hayana haja ya usiku.

Na kwenye kibali andikeni 22:00 na 04:00. Hizi "saa nne" na "saa kumi" ni za kuongea.

Kalvati nitarudi kuzisema, mjukuu anataka simu yake.

---

Mizigo_Tororo

Mimi niko upande wa treni hizo mnazozingoja. Treni haichelewi kwa kupenda. Ukikaa Kireka unaona ni uzembe, ukikaa Malaba unaona makaratasi ya forodha, kichwa kimoja kilichokufa njiani, na behewa lenye breki zinazoshika ambalo lazima likatwe.

Ninachomuunga mkono Mzee ni hiyo ya kufunga kwa muda mrefu. Kwetu sisi kufunga kila usiku ni maumivu ya kila usiku. Wikendi moja tukiijua mapema, mizigo tunaipanga, treni tunazishikilia Tororo au Jinja, wateja tunawaambia. Kinachotuua ni barua inayokuja Alhamisi kuhusu Jumamosi. Dada, leta ombi lako likiwa na wiki kadhaa mbele, na ukishapewa usilihamishe. Na weka mtu wako mmoja kwenye chumba cha kuongozea treni usiku, mwenye simu yenye chaji. Atajua saa moja kabla kwamba treni imechelewa, na nyie mtabadilisha kazi ya usiku huo badala ya kukaa juu ya mataruma.

---

Kibanja_na_Hati

Nafanya kazi ya tathmini ya ardhi, nijibu la yule mama tu.

Swali la kwanza: nyumba iko ndani ya hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi ya reli, au nje? Hilo msilibishanie barabarani, leteni mpima ardhi na mawe ya mpaka yatafutwe. Kama iko nje ya hifadhi, katiba yetu, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe kabla serikali haijachukua. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo hivyo kwenye kesi ya mamlaka ya barabara: kuingia kwanza na kulipa baadaye ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo mkandarasi anayesukuma tingatinga "kwa sababu ratiba inabana" anaweza kujikuta na zuio la mahakama, na hapo si kalvati moja tu inayosimama.

Pili, huku Buganda kwenye ardhi ya mailo kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja anayekaa kwenye ardhi hiyo bila hati, na wote wawili wana haki yao. Nimeona mara nyingi mwenye hati amelipwa, faili ikafungwa, mwenye kibanja anayeishi pale akabaki na nyumba yake na hasira zake. Mwulizeni mama yuko upande gani. Kisha angalieni kama jina lake limo kwenye ripoti iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kama halimo, hakuna mtu wa ofisi yenu anayeweza kulitatua kwa maneno matamu. Inabidi ripoti ya nyongeza, na hiyo ina foleni.

Kwa mpangaji: kwenye ratiba usiandike "fidia" kama mstari mmoja kwa njia nzima. Andika kiwanja kwa kiwanja. Njia haipiti kwenye wastani.

---

MpangajiKireka

Asanteni sana. Mzee, nimehesabu upya usiku wa wiki hii kwa kutumia daftari la saiti, na kazi halisi iko karibu sana na hayo matatu na nusu yako, kuna siku hata mawili hayafiki. Nimeichapisha iwe jedwali, nitaipeleka kwenye kikao.

Kuhusu yule mama, ni mwenye kibanja. Mwenye hati alishalipwa. Nimeanza kuelewa kwa nini LC1 hataki hata kutuona.

Naomba mniambie mambo mawili zaidi. Mzee umeahidi kalvati. Na kuna jambo limesemwa kikaoni kwamba muda tukiukosa kwenye ujenzi tutaupata kwenye majaribio, kwa kuwa majaribio yamepewa miezi mingi "isiyo na kazi". Hilo linaniogopesha bila kujua kwa nini.

---

FundiIshara_Moro

Shikamoo Mzee. Dada wa Kireka, ogopa tu, uko sahihi.

Mimi niko Morogoro, fundi wa mifumo ya ishara za treni. Hiyo miezi "isiyo na kazi" ndiyo treni yenyewe. London walikuwa na reli ya Elizabeth iliyopangwa kufunguliwa Desemba 2018. Mpaka Agosti mwaka huo huo watu waliambiwa mambo yanaenda sawa, ndipo ikatangazwa haitawezekana. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022. Mahandaki yalishachimbwa zamani. Kilichowatesa ni stesheni ambazo hazijakamilika na treni moja kulazimika kuelewana na mifumo mitatu tofauti ya ishara katika safari moja. Kila ujenzi ulipochelewa, majaribio yalibanwa, halafu wakajaribu kupima treni huku wajenzi bado wako handakini. Huwezi. Ukimpa fundi wa umeme njia, treni haipiti. Ukiipa treni, fundi anatoka.

Kwetu hapa, mkataba wa reli mpya ya Dar es Salaam mpaka Morogoro ulisainiwa 2017 kwa matumaini ya kumaliza 2019. Abiria walianza kupanda tarehe 14 Juni 2024. Mtu aliyekuwa akipita barabarani aliona tuta, madaraja na nguzo miaka mingi kabla ya hapo akadhani imeisha. Tuta si treni. Kuna umeme, kuna vichwa na mabehewa kufika, kuna madereva kufundishwa njia, kuna ishara kuongea na hivyo vyote. Mkandarasi wetu ndiye mliyesaini naye Oktoba 2024 kwa zile kilomita 272 za Malaba–Kampala, kwa hiyo haya mtayaona wenyewe kwa ukubwa.

Kwako wewe ni kazi ndogo, njia ya kupishania ina pointi mbili tu za kuhamishia treni njia, lakini kanuni haibadiliki. Uliza leo: pointi hizo zitageuzwa kwa mkono au kwa mota? Nani anatengeneza michoro ya ishara, na ameshaambiwa kwamba jukwaa lako limesogea? Jukwaa likisogea mita chache, dereva anaweza kusimama mahali asipoiona taa. Nimelikuta hilo kwenye kazi moja: nguzo ya paa jipya imesimama sawasawa mbele ya ishara. Nguzo nzuri kweli, imepakwa rangi. Ikakatwa.

---

MzeeTaruma

Marahaba kijana wa Morogoro. Nguzo hiyo hata mimi nina ndugu yake.

Kalvati. Mwanangu, kama jukwaa lako la pili liko karibu na kinamasi, na upande huo kuanzia Kinawataka mpaka Namanve vinamasi havikosi, basi jukwaa lisianze kabla kalvati haijaisha. Ratiba iseme inavyotaka. Tuta likiloa chini, kokoto zinamezwa. Treni ikipita, tope linapanda katikati ya mataruma linachemka kama uji, na mkirudi baada ya mvua za Machi mpaka Mei mtakuta reli imekaa chini upande mmoja. Watu watalaumu kushindilia. Shida ni maji. Mfereji kwanza, kalvati kwanza, uone maji yanatoka upande wa pili kwa macho yako, ndipo umwage kokoto.

Bomba lisilo kwenye mchoro usilishangae. Reli ilifika Kampala kutokea Jinja mwaka 1931, na tangu hapo kila mtu amepitisha kitu chake chini: maji, simu, umeme, siku hizi faiba, na mwingine kapitisha usiku. Edinburgh, Uskoti, walijenga tramu kwenye barabara za zamani, mabomba ya chini yakawachelewesha vibaya, wakafungua 2014 badala ya 2011, tena kwa njia fupi kuliko waliyoiahidi. Dawa ni mashimo ya majaribio. Beleshi na sururu, kwa mkono, kila mahali unapotaka kuchimba, miezi kabla tingatinga halijafika. Ni kazi ya mchana, haihitaji kufunga njia ukikaa mbali na tuta, na vijana wa mtaa wapewe hiyo kazi. Mwenyekiti wa LC1 naye ataanza kukuona.

Mwisho, mataruma mapya. Umesema vijana wanayakalia. Kabla hawajayakalia, yamepimwa? Nasema pleti na vishikio vya kushikia reli vilivyofungwa kiwandani. Boston, Marekani, walifungua nyongeza ya reli yao ya Green Line mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikaonekana reli mbili zimekaribiana kuliko inavyotakiwa kwa sehemu kubwa ya njia hiyo mpya, mpaka kuna mahali treni ziliamriwa kwenda maili 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mataruma yalikuja na pleti zimefungwa vibaya. Njia mpya kabisa ikabidi ifunguliwe boliti isogezwe.

Yetu ni geji ya mita moja. Chukua geji ya chuma, ile ya kupimia, iliyopimwa karibuni, si ile iliyoanguka kwenye lori, upime mataruma kadhaa kutoka kila shehena kabla hayajashushwa, na tena yakishafungwa reli, na tena treni ikishapita. Andika namba, usiandike "sawa". Mtu akiandika "sawa" kwenye daftari langu nilikuwa namrudisha njiani na taa.

---

MpangajiKireka

Nimetoka kwenye kikao. Gangi ya pili imekubaliwa lakini inakwenda kwenye mashimo ya majaribio, mchana. Ombi la wikendi limeandikwa. Mizigo_Tororo, tafadhali msilikatae. Jukwaa la pili limesogezwa nyuma ya kalvati, meneja amenuna.

Mzee, geji tuliyonayo stoo haina tarehe ya kupimwa. Nani anapima hizo siku hizi?

---

MzeeTaruma

Waulize karakana ya reli ya Nalukolongo, wanajua. Wakikuzungusha, mtafute mkaguzi wa njia wa kipande chenu, linganisha yako na yake mbele ya mashahidi, na tofauti muiandike. Na isirudi stoo kusimamishwa ukutani. Ilazwe.